Sura ya Saba: Mlango Usio na Mwenyewe

Mtu aliyekuja kulalamikia mlango alikuwa amevaa viatu vilivyong'aa kuliko meza ya Inspekta. Alikaa bila kuegemea, kana kwamba kiti cha kituo cha polisi kingemchafua, akaiweka miwani yake ya jua juu ya goti.

"Nimekuja kuripoti wizi," alisema. "Umeibwa mlango."

"Wa gari?" aliuliza Koplo, aliyekuwa dirishani akimenya chungwa.

"Wa nyumba. Mlango wa mbele."

Inspekta alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, asiye na haraka. Pale kituoni alijulikana kwa kumwacha mtu aseme mpaka achoke, ndipo amuulize.

"Nyumba ipi?"

Mgeni alipoitaja, Koplo aliacha kumenya.

Kila askari wa kituo kile aliijua. Ilikuwa nyumba ya ghorofa mbili iliyoachwa tupu miaka mingi katikati ya mtaa wenye watu, imekaa kama jino bovu. Wakati wa mvua zilizopita roshani yake ilianguka asubuhi, watoto wakielekea shule, ikamwua binti wa msusi mmoja wa palepale mtaani. Afisa aliyekuwepo kabla ya Inspekta alifungua jalada, akalifunga kwa maneno matatu: mwenye nyumba hajulikani. Nyumba ilikuwa bado kwa jina la mzee aliyefariki zamani. Watoto wake, ilisemekana, walitawanyika ng'ambo. Baraza la jiji liliita, hakuitika mtu.

"Wewe ni nani wa nyumba ile?" Inspekta aliuliza.

"Mwakilishi tu. Familia iliniomba niitupie jicho."

"Familia iko wapi?"

"Mbali. Na haipendi kusumbuliwa."

"Umewahi kuingia ndani?"

"Mimi? Hata siku moja. Napita nje, naangalia, naenda zangu."

"Na huo mlango ukoje?"

Sauti ya yule mtu ilibadilika. Ililainika kama ya mtu anayemsifia mwanawe. "Mbao ngumu, mabamba mawili. Umechongwa ndege kuanzia juu mpaka chini, kila ndege ameangalia upande wake. Aliyeuchonga alikuwa fundi hasa. Kwa ndani una makomeo ya shaba, la katikati limepinda kidogo, lazima ulinyanyue ndipo lifunguke."

Inspekta aliandika neno baada ya neno. Hakuuliza mtu ambaye hajawahi kuingia amelijuaje komeo la ndani. Swali hilo alilitia kibindoni.

"Unamshuku nani?"

"Muuza vyuma chakavu wa mtaa ule. Mkamateni kabla hajauondoa mjini."

Alipotoka, Koplo alilitupa chungwa lake kwenye pipa, hamu imemwisha.

"Mtoto wa watu alipokufa hakuonekana hata paka wa nyumba ile," alisema. "Mlango umepotea, mtu kaja mbio jasho linamtoka."

"Na hilo ndilo la kushangaza," Inspekta alisema, akichukua kofia yake. "Mtu aliyejificha vizuri namna ile, kwa nini atoke shimoni kwa ajili ya mbao?"

*

Muuza vyuma chakavu alikuwa mnene mwenye sauti nyembamba, na yadi yake ilijaa mabati, rimu za baiskeli na vitanda vilivyokunjwa. Aliwapokea akiwa amekaa juu ya tanki la maji lililotoboka. Hakusimama.

"Nilijua mtakuja kwangu," alisema. "Kikiibwa kijiko, mimi. Ikiibwa treni, mimi."

"Mlango wa nyumba ile," alisema Inspekta.

"Sikuchukua. Na nitakuambia kwa nini, ili usinipotezee wakati. Mimi naishi kwa chuma. Nenda kaangalie pale. Bawaba zimebaki ukutani, shaba tupu, nene kama kiganja changu hiki. Mwizi wa vyuma aache shaba abebe mbao? Huyo si mwizi, afande. Huyo ni mwehu."

"Nani mwehu mtaani kwenu?"

Mnene aliangalia chini, akachezea nati ya skrubu.

"Sote," alisema. "Tangu siku ile."

*

Nyumba ilisimama na kinywa wazi. Mlango ulipokuwa pamebaki tundu refu jeusi, na juu ya tundu, mahali ilipokuwa roshani, vyuma vilivyopinda vilitokeza ukutani. Kifusi hakikuwa kimezolewa. Kilisukumwa tu pembeni, na mtu alikuwa amepanga mawe kuzunguka sehemu ndogo ya njia, kama mtu anavyozungushia kitalu. Watu walipita mbali na mawe yale.

Bati la paa lilikuwa limeliwa na kutu. Mti ulikuwa umeota ndani ya chumba cha juu, ukatoa matawi dirishani. Inspekta hakuangalia huko. Alichuchumaa kwenye fremu, akapitisha kidole juu ya bawaba, akakinyoosha kwa Koplo.

"Nusa."

Koplo alinusa. "Mafuta ya cherehani."

"Nyumba nzima imeoza. Bawaba zinang'aa." Alichokonoa kwa ukucha ukingoni, akatoa utando mweusi ulioganda. "Na huu ni wa zamani. Mafuta juu ya mafuta juu ya mafuta. Mtu amekuwa akija hapa miaka."

"Mwizi alipaka ili pini zitoke bila kelele."

"Mwizi angepaka mara moja. Ila pini zenyewe zilitolewa kwa adabu kweli. Angalia, hakuna kovu hata moja. Zimegongwa kutoka chini, taratibu, na mtu mwenye chombo chake." Alisimama. "Kwa hiyo kuna watu wawili, Koplo. Mmoja aliupenda mlango. Mwingine alijua kuutoa."

Waliingia ndani. Baada ya hatua chache Inspekta alisimama ghafla hata Koplo akamgonga mgongoni.

Nyuma ya fremu, kulia na kushoto, zilisimama nguzo mbili za mbao zilizobeba boriti ya juu ya mlango. Zilikuwa nene na zimenyooka. Mbao haikuwa na mchwa wala ukungu, misumari haikuwa na kutu. Zilikuwa nyeupe kwa vumbi la chokaa.

"Baraza la jiji," alisema Koplo. "Baada ya ajali, wasije wakaua mwingine."

"Baraza la jiji halijaleta hata kamba ya kuzuia watu. Piga magoti. Niambie unaona nini chini ya nguzo."

Koplo alipiga magoti, akamulika kwa simu yake, akapuliza.

"Kigae."

"Kikoje?"

"Kisafi." Alimulika pembeni, akarudisha mwanga. "Kifusi kimeizunguka nguzo. Chini yake hamna kitu."

"Kwa hiyo?"

"Nguzo ilikuwepo roshani ilipoanguka." Aliinuka polepole, magoti yake meupe. Alikuwa kijana mpole, lakini sasa sauti yake ilitoka puani. "Alijua. Aliona ukuta unakuja, akauwekea nguzo."

"Ukuta?" alisema Inspekta. "Angalia vizuri. Nguzo zinashika nini?"

Koplo aliangalia. Zilishika boriti ya mlango, basi. Roshani ilikuwa juu kidogo tu ya boriti ile, na haikuwekewa hata mti mmoja.

Walitoka nje, wakavuka barabara.

*

Mkabala na nyumba palikuwa na kinyozi. Alikuwa na mteja kitini, kidevu kimejaa povu.

"Mlango wa pale umechukuliwa na nani?" aliuliza Inspekta.

"Na mimi," alisema kinyozi bila kugeuka.

"Na mimi nilishika upande wa pili," alisema mteja kutoka ndani ya povu.

"Waongo hao!" Muuza mboga aliyekuwa nje alichungulia, fungu la mchicha mkononi. "Kinyozi ana mgongo mbovu, hawezi kunyanyua hata mkoba. Mimi ndiye niliyeuchukua. Nikamate, mwanangu. Niache tu nimpe jirani funguo."

"Usimsikilize mama," ilisema sauti nyingine mlangoni. "Ni mimi."

Koplo alimwinamia Inspekta. "Pingu ninayo moja tu."

Inspekta aliwatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyetabasamu. Walimtazama kama watu waliosimama foleni tangu alfajiri na sasa dirisha limefunguliwa.

"Mtaa mzima umeiba mlango mmoja," alisema. "Lazima ulikuwa mzito sana. Haya, kinyozi, nikitaka mtu wa kutoa pini ya bawaba bila kuikwaruza, nimtafute wapi?"

Wembe ulisimama shavuni kwa mteja. Muuza mboga alishindwa kuyazuia macho yake, yakaruka uchochoroni, yakarudi.

"Ahsante, mama," alisema Inspekta.

*

Karakana ya fundi seremala ilikuwa mwisho wa uchochoro, uwanja wenye maranda mpaka vifundoni. Mlango haukufichwa. Ulikuwa umelazwa juani juu ya meza mbili za kazi, ndege wake wakiangalia mbingu, na juu yake ilikuwa imechorwa mistari ya chaki.

Fundi, mzee mwenye penseli sikioni, alikuwa akinoa msumeno kwa tupa. Kwenye kigoda karibu na mlango alikaa mwanamke mwenye mikono mirefu iliyotulia mapajani. Inspekta alimjua kwa picha ya kwenye jalada. Alikuwa msusi. Watu walimwita Mama Pacha, kwa sababu alizaa wasichana wawili siku moja. Sasa walisita kabla ya kumwita hivyo.

"Mmechelewa, Inspekta," alisema msusi. "Nilikutegemea jana."

"Ulijua kesi itapelekwa polisi?"

"Nilijua atakuja. Asingeweza kuvumilia." Alionyesha kigoda kingine kwa kidevu. "Kaa. Saluni yangu inaitazama ile nyumba. Mteja akikaa, mimi namwangalia kichwani, lakini kwenye kioo naona mtaa wote nyuma yangu. Kuna bwana mmoja alikuwa akija, viatu safi, na kopo dogo. Anapaka bawaba, anaufuta mlango, anaondoka. Nilidhani amelipwa. Sikumjali."

"Mpaka lini?"

"Mpaka tulipomzika mwanangu." Fundi aliacha kunoa. "Nilirudi saluni kwa sababu nyumbani kulinishinda. Nikainua macho kwenye kioo, nikamwona. Hakuangalia chini, pale mahali. Aliruka kifusi kama mtu anavyoruka dimbwi. Alikuja na kitambaa laini, akawapangusa wale ndege, mmoja mmoja, vumbi liwatoke. Vumbi lile, Inspekta. Unajua lilitoka wapi na likamwangukia nani."

Inspekta aliivua kofia yake.

"Nilipofika nje alishaondoka. Nilikwenda kituoni kwenu, nikaambiwa nilete jina. Nilikwenda baraza la jiji, wakasema nyumba haina mwenyewe. Nikajiambia, sawa. Kama hana jina, basi ana moyo, na moyo wake nimeuona ulipo. Ndipo nikamwita fundi."

"Kitu kisicho na mwenyewe hakiibwi," alisema fundi. "Nimeokota. Nimeuchorea madawati. Shule ya watoto wetu wanakaa wanne wanne."

"Na huyo pacha wa pili?" Inspekta aliuliza.

"Yuko kwa shangazi yake. Hawezi kupita njia ile. Anauliza kila siku ni nani aliyemwua dada yake, na mimi sina la kumjibu. Siwezi kumwambia ni ukuta."

Inspekta alisimama, akakung'uta maranda kwenye sketi. Aliuzunguka mlango. Aliinama, akapapasa upande wa chini akitafuta komeo la katikati, akaligusa. Lilikuwa limepinda. Ilibidi kulinyanyua.

"Alasiri nitamleta mlalamikaji autambue mlango," alisema. "Hivyo ndivyo sheria inavyotaka. Sitawaambia la kufanya, mimi ni askari. Nitawaambia tu nisilolifanya. Sitamzuia fundi kukata mbao ambayo mwenyewe hajajitokeza."

Msusi alimtazama kwa muda. Kisha akamgeukia fundi.

"Unoe vizuri," alisema.

*

Alasiri yule mwakilishi aliuingia uchochoro akiinua miguu, asichafue viatu. Alipouona mlango alisahau viatu. Alipita katikati ya watu, na watu walikuwa wengi, kinyozi, muuza mboga, muuza vyuma chakavu akihema, na wengine waliopanda hata juu ya magogo. Aliweka kiganja juu ya ndege wa kwanza.

"Ndiyo huu," alisema. "Na huyu ndiye mwizi. Mfungeni."

"Tutafika huko," alisema Inspekta. "Sasa tunamhitaji mwenye mali aseme ni mali yake."

"Nimeshakuambia, mimi ni mwakilishi."

"Una karatasi yoyote kutoka kwa huyo mwenyewe?"

"Tunaaminiana."

"Mpigie simu, aseme nasikia."

"Hapatikani."

"Basi siwezi kukukabidhi. Nitawezaje kujua kama na wewe hukuja kuiba?"

Watu walicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. Mwakilishi aliitazama mistari ya chaki kwa mara ya kwanza. Ilipita shingoni kwa ndege.

"Hii mistari ni ya nini?"

"Madawati," alisema Mama Pacha. Hakuinuka kwenye kigoda. "Fundi, kata."

Fundi aliegemeza goti, akauweka msumeno kwenye chaki, akavuta. Unga wa mbao ulimwagika, mwekundu, ukanukia. Akavuta tena.

"Inspekta!" alisema mwakilishi.

"Naam."

"Unaona anachofanya?"

"Naona fundi akikata mbao isiyo na mwenyewe."

Msumeno uliimba. Ndege wa kwanza alipata mstari mwembamba ubavuni. Mwakilishi alishika ukingo wa meza. Midomo yake ilikwenda mara mbili bila sauti, na jasho lilimtoka chini ya nywele, likashuka mpaka kwenye kola.

"Acha!" Sauti ilimtoka kama ya mtoto. "Acha, mwanaharamu wewe! Ni wangu!"

Fundi aliacha.

"Wa nani?" aliuliza Inspekta.

"Wangu! Wa baba yangu. Aliuchonga kwa mikono yake. Nyumba ile ni ya baba yangu, aliniachia mimi, peke yangu, wala sina ndugu ng'ambo wala wapi. Sasa umesikia! Mkamate huyu!"

Hapakuwa na aliyepiga kelele. Watu walimtazama tu, na yeye akaanza kuyasikia maneno yake mwenyewe, kama mtu anayesikia mlango ukifungwa nyuma yake.

"Koplo," alisema Inspekta. "Umeandika?"

"Neno kwa neno, hata tusi."

"Vizuri. Bwana, asubuhi uliniambia hujaingia ndani ya nyumba hata siku moja. Lakini ulilijua komeo lililopinda. Sasa ninaelewa, umekulia humo. Nisaidie na jambo jingine dogo. Zile nguzo mbili nyuma ya mlango ulizisimamisha wewe?"

Yule bwana alipumua. Lilionekana swali jepesi. "Mimi. Na ndiyo maana mlango ulipona. Ningeuacha hivihivi ungepondeka."

"Ulizisimamisha baada ya roshani kuanguka."

"Baada? Kabla! Ukuta ulikuwa na ufa, mkono unaingia. Nisingefanya hivyo ungekuta..."

"Malizia," alisema Inspekta. "Ningekuta nini?"

Aliangalia uchochoro, lakini muuza vyuma chakavu alikuwa ameujaza wote.

"Ufa uliuona," alisema Inspekta, kila neno mahali pake. "Ulijua kitu kitaanguka. Ukanunua mbao, ukaja na misumari, ukapima, ukapigilia. Ulisimama chini ya roshani ile ukifanya kazi. Watoto walikuwa wakipita mgongoni kwako. Uliweka nguzo mbili, na zote mbili ukazipa mlango."

Hilo Mama Pacha hakuwa amelijua. Nguzo aliziona siku walipoutoa mlango, akadhani ni za baraza la jiji, kama Koplo. Aliinuka kwenye kigoda. Alimwendea fundi, akauchukua msumeno mkononi mwake, akamgeukia yule bwana. Watu walimpisha. Koplo alipiga hatua, lakini Inspekta alimshika kiwiko.

Msusi alisimama karibu naye kiasi cha kuhisi pumzi yake. Alimwangalia viatu, akapanda na macho taratibu mpaka usoni, kama mtu anayetaka kukumbuka vizuri. Kisha akamrudishia fundi msumeno.

"Endelea," alisema. "Ulipoishia."

"Mzuie!" Yule bwana alimgeukia Inspekta, mikono imekutana kifuani. "Nimeshasema ni wangu! Nimeshasema!"

"Kweli, umesema." Inspekta alivuta pumzi. Isingekuwa sare aliyovaa, angengoja kidogo. "Fundi, weka chini. Mlango sasa una mwenyewe, na ni kielelezo. Utakwenda mahakamani naye. Bwana, nakukamata kwa uzembe uliosababisha kifo. Taja jina lako kamili."

"Hapa?"

"Hapa ndipo ninapokukamata."

Alisema kitu kwenye kola yake.

"Hatujasikia," alisema kinyozi.

Alisema tena. Watu wa mbele walisikia. Kwenye dirisha la ghorofa ya jirani bibi mmoja mzee alikuwa ameegemea kizingiti, kiganja nyuma ya sikio.

"Anasemaje?" aliuliza bibi. "Mimi huku sijapata kitu!"

"Bibi hajapata kitu," alisema Mama Pacha. "Anza upya. Lako, la baba yako, la babu yako. Na usilimeze."

Yule bwana alimtazama Inspekta. Inspekta alikuwa akifunga kamba ya kiatu chake, na kamba ilikuwa ikimsumbua. Basi akainua uso juu, akayataja majina yake yote matatu kwa sauti, na majina yakagonga kuta za uchochoro, yakarudi. Muuza mboga aliyarudia polepole, kama mtu anayejifunza. Kinyozi akayarudia. Yakatoka mdomo hata mdomo mpaka barabarani, na huko nako yakapokewa, hata Koplo alipomfunga pingu na kumpitisha, majina yalikuwa yametangulia. Watu waliosimama vibarazani waliyasema alipokuwa akipita. Hawakumgusa, wala hawakumtemea mate. Walimwita kwa jina tu, wote, watoto kwa wakubwa, na kila alipoitwa mabega yake yalishuka kidogo zaidi, mpaka gari la polisi likamfungia.

*

Inspekta alibaki kungoja gari la kuchukua mlango. Mama Pacha alikuwa amekaa kwenye ngazi ya saluni yake, simu mkononi. Alikuwa ameongea na shangazi. Halafu alikuwa ameongea na binti.

"Umemwambia?" aliuliza Inspekta.

"Nimemtajia jina. Akaniuliza linaandikwaje." Aliiweka simu chini. "Atafungwa?"

"Ana fedha, atakuwa na wakili mzuri. Lakini amesema mbele ya mtaa mzima, na nguzo haziwezi kubadili maneno. Nadhani atafungwa."

Msusi aliitikia kwa kichwa. Alikuwa akikunja na kukunjua vidole, kama vinavyofanya vidole vya msusi visivyo na nywele.

"Nilidhani nikimwona amefungwa pingu nitashiba," alisema.

"Umeshiba?"

"Nimeonja tu."

Aliangalia mwisho wa mtaa. Kule kwenye kona ilisimama nyumba nyingine iliyoachwa, ndefu kuliko ile, madirisha yote yamepigiliwa mabati, ukuta wake umetunisha tumbo juu ya njia ya wapita kwa miguu. Watoto wawili walikuwa wameketi kivulini chini ya tumbo lile, wakigawana muwa. Mama Pacha aliinuka, akawapigia kelele mpaka wakakimbia. Kinyozi alikuwa ametoka nje na taulo begani. Muuza mboga alikuja akijifuta mikono. Fundi alikuwa amefika tayari, amesimama mbele ya geti la nyumba ya kona, amelikunjia mikono, akilisoma.

"Inspekta," alisema Mama Pacha, bila kuyatoa macho kwenye nyumba. "Mwenye ile, unadhani anapenda nini?"